Sindano ya baridi yabisi: nilivyoutuliza uvimbe wa paja

Ninaishi Wete, Pemba, na kila baada ya wiki mbili najidunga dawa iitwayo adalimumab kwa ajili ya baridi yabisi. Vidole vilipata nafuu, lakini paja likawa linanitesa: pale ilipoingia sindano panavimba, panakuwa pekundu, panawasha usiku kucha.

Daktari akaniambia, "Mwanangu, dawa usiiache, ngozi mara nyingi huzoea." Kilichonisaidia zaidi ni kuushughulikia ubaridi wa dawa yenyewe. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikidungwa ingali baridi inauma sana. Sasa naitoa mapema, naiweka mezani kama nusu saa, kifuniko sijakivua. Kuitia kwenye maji moto au kuianika juani, hapana, itaharibika. Spiriti naiacha ikauke kabisa juu ya ngozi ndipo nidunge. Ikiwa bado majimaji inachoma. Nikimaliza sisugui, hata mkono ukitamani.

Mahali pa kudunga nabadilisha: paja la kulia, la kushoto, kisha tumbo, sentimita 5 kutoka kitovuni. Naandika kwenye kalenda ya ukutani. Pakivimba, naweka barafu iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, dakika 10 hivi. Kuwasha kukizidi, nameza setirizini, dawa ya mzio aliyoniruhusu daktari.

Uvimbe bado hutokea, lakini ni mdogo na hauninyimi usingizi. Ila uso au midomo ikivimba, au pumzi zikibana, hapo si pa barafu tena: kimbilia hospitali papo hapo.