Jina la kanga kando ya mto Tyne

Majira ya joto ya mwaka 2018, nilipokuwa mwanafunzi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, nilivuka kwa miguu daraja la Millennium hadi Gateshead, nikaingia Baltic, jengo ambalo zamani lilikuwa kinu cha unga na tangu mwaka 2002 ni nyumba ya sanaa za kisasa. Miji hiyo miwili ilikuwa katika tamasha la siku 80, Great Exhibition of the North, na watu waliingia bure. Ndani nilikuta vitambaa vikubwa vimetundikwa kwa kamba na kapi, vimechorwa kwa rangi kali na kuandikwa maneno, na kabla sijasogelea kibandiko cha ukutani moyo wangu ulikwisha kutambua asili yake. Zilikuwa kanga.

Aliyezichora ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akafiwa na baba yake angali mchanga, na mama yake, msanifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza kabla hajafikisha nusu mwaka. Mwaka mmoja kabla ya maonyesho yale alikuwa ameshinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, katika mji wa Hull, akiwa na miaka 63, katika mwaka uleule ambao kikomo cha umri wa miaka 50 kwa wasanii wanaoiwania kiliondolewa. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuipata. Magazeti yalishangilia kana kwamba amechipuka jana. Lakini mwaka 1985 alikwisha kuandaa maonyesho ya wanawake 11 weusi na wenye asili ya Asia katika taasisi ya sanaa ya ICA jijini London, na nafasi waliyopewa ilikuwa ujia wa kupitia watu. Mmoja wa wale 11, Sonia Boyce, alishinda Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu, kwa niaba ya Uingereza katika Biennale ya Venice, maonyesho ya sanaa ambako kila nchi huwa na banda lake, mwaka 2022, miaka 37 baadaye. Himid mwenyewe ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha nchi hiyohiyo huko Venice mwaka 2026.

Kilichonishika siku ile ni zile kapi. Mgeni aliweza kuvuta kamba, akapandisha kitambaa kimoja na kushusha kingine kama baharia anayetweka tanga, na maneno yakabadili mpangilio wake. Nilivuta mara mbili, tatu, kisha nikasita, kwa sababu katika malezi yangu jina la kanga halipangwi na mpita njia. Mwanamke hulichagua dukani kwa kituo, akijua ni nani atakayelisoma mgongoni mwake: wifi, jirani, mume, mke mwenziwe. Kanga husema lile ambalo mdomo umekatazwa kulisema, na aliyekusudiwa huelewa bila kutajwa.

Niliporudi likizo nilimwonyesha bibi yangu picha. Alitazama rangi, akazisifu, akaniomba nimfasirie maneno, kwa kuwa yote yalikuwa ya Kiingereza na mengine yametoka kwa washairi na waandishi weusi. Nikamfasiria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa haya anamwambia nani, mwanangu?”

Sikuwa na jibu siku ile, nami naamini hakuna swali bora kuliko hilo la kuiuliza sanaa ya mtu aliyeondoka kwao. Watu wengi wa pwani huuliza jingine, kama Himid ni wetu au ni wao, na ubishi huishia kwenye pasi ya kusafiria. Kwa maoni yangu, yeye ameirithi kanga kama umbo bila kurithi ua na majirani wanaoipa kanga makali yake, na badala ya kuficha upungufu huo ameufanya ndiyo kazi. Pale ambapo hakuna wifi wa kupigwa fumbo, maneno yanatundikwa juu, yanasemwa waziwazi mbele ya umma ambao kwa muda mrefu ulimpitia bila kumtazama. Waliopewa ujia mwaka 1985 walikuwa na la kumwambia mwenye nyumba.

Hata hivyo nusu ya wasomaji wake hawajaiona kazi hiyo. Tanzania ilikuwa na banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, na nililifurahia sana, ila banda la Venice halimfikii bibi yangu, ambaye hana viza wala nauli. Kitambaa hukunjwa kikaingia sandukuni. Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hupokea maelfu ya watu wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, ina kuta ndefu na upepo wa bahari, na mafundi wa kamba na kapi wako bandarini, hatua chache tu kutoka pale. Ningependa kanga zile zitundikwe humo, kila moja na jina lake la Kiswahili pembeni, na kina bibi waketi mbele yake wabishane anaambiwa nani.