Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa kliniki ya moyo

Saa 1:30 asubuhi. Najaribu mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo, nahesabu vibandiko vyake. Kila mgonjwa anatumia kumi: sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Napitia mafaili. Wanne wa leo wameandikiwa neno lile lile: moyo kwenda mbio baada ya UVIKO-19.

Saa 2:15. Anaingia mwalimu kijana. Aliugua miezi minne iliyopita. Homa iliisha, kikohozi kikaisha, lakini akisimama tu moyo unamdunda hadi kooni na kichwa kinakuwa chepesi. Alikotoka walimpima amelala, wakamwambia ni wasiwasi. Hilo linaniuma kila nikilisikia, maana nalisikia mara nyingi mno.

Nampima amelala: mapigo 74 kwa dakika. Namwomba asimame, asiegemee ukuta. Dakika ya kwanza 98. Ya tatu 112. Ya kumi 118, na presha haijashuka. Miguu imeanza kuiva rangi ya zambarau, vidole vinamtetemeka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama bila presha kushuka, hapo kuna jambo. Mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu tunaposimama imevurugika. Damu inatuama miguuni, nao moyo unakimbia kufidia.

“Dada, hili si wasiwasi. Tazama mwenyewe.”

Anaitazama karatasi, machozi yanamtoka. Nakaa naye hadi daktari amwite. Ataambiwa anywe maji zaidi, aongeze chumvi kwa kuwa presha yake si ya juu, avae soksi za kubana, aanze mazoezi ya kukaa au kulala kwanza. Wengine hupewa na dawa.

Saa 5. Mzee mmoja anarudisha Holta, kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, aliyoivaa saa 24. Kwenye daftari ameandika: “Saa 9 usiku, kama samaki karuka kifuani.” Tunatafuta saa hiyo kwenye rekodi na kweli, mapigo matatu ya ziada. Picha ya ultrasaundi inaonyesha moyo hauna kasoro, kwa hiyo kwa kawaida hayo hayana hatari. Anashusha pumzi.

Saa 8 mchana. Kijana wa mpira, mafua wiki mbili zilizopita. Kifua kinamuuma, na jana alizimia akikimbia. Huyu hakai foleni. ECG haijakaa sawa, troponini, protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, imepanda. Misuli ya moyo huenda imevimba. Analazwa. Anauliza atacheza lini. Nikamjibu ukweli: ikithibitika, ni miezi kadhaa, tena kwa ruhusa ya daktari.

Saa 10:20. Namfunga mama mmoja Holta ya mwisho. Anauliza ashinde kitandani asiiharibu? “Hapana, mama. Panda ngazi, fua, fanya kila kinachokusumbua. Usioge tu, na kila moyo ukishtuka, andika saa.”