Dogo yuko nyekundu, mtaa unasema kabemendwa: nilivyompeleka kliniki ya lishe

Nianze na hili maana linaniudhi mpaka leo. Huku kwetu Tanga mtoto akikonda, kabla hajapimwa na mtu yeyote mtaa umeshatoa majibu: kabemendwa, yaani eti kakonda kwa sababu ya mwenendo wa wazazi wake. Mama yake kashika mimba dogo bado ananyonya, basi kila anayepita barazani anatikisa kichwa, na kila mmoja ana mganga wake, wa huyu yuko Pongwe, wa yule yuko Muheza na anataka kuku mweupe. Mimi dereva wa bajaji, nikipata kuku mweupe namchinja tunakula na wanangu.

Aliyeniokoa ni yule mhudumu wa afya anayezunguka mtaani kwetu Ngamiani. Alikuja kumjulia hali mke wangu, akamwona mwanangu Swalehe amekaa kimya tu hachezi, akatoa ule utepe wa kupimia unene wa mkono. Kama hujauona ni kikanda chembamba cha rangi tatu, wanakizungusha mkono wa kushoto wa mtoto, juu, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya hapo njano, chini ya 11.5 nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Swalehe ana miezi 16, akasoma 11.3. Mama wa watu hakupiga kelele wala hakumtaja mbemendaji, akaandika kikaratasi, akasema Jumatano asubuhi kliniki ya lishe, usikose.

Mke wangu mimba imefika pale ambapo benchi ni adhabu, nikasema naenda mimi. Kijiweni walicheka wee. Wakacheka tena niliposema sichukui abiria asubuhi ile.

Sasa maandalizi. Kadi ya kliniki hiyo sikuambii, unaijua. Ila usiku ule nilimkalisha mke wangu na mama yangu tukaanza kukumbuka dogo amekula nini tangu juzi, saa ngapi, kiasi gani, kala sahani moja na nani, nikaandika nyuma ya risiti ya spea. Pia ameharisha lini, kakohoa lini, kapewa dawa gani. Mama akakiri kuna ya majani alimpa, hakuwa amesema, nikaiandika na hiyo. Wallahi kile kikaratasi ndo kilinipa heshima siku ile, maana sista aliuliza yote hayo, na kina mama wengi pale walikuwa wanajibu "anakula vizuri tu", mimi naisoma kama karani wa mahakama.

Ila kusikia naisoma kwa sauti ndo niliposhtuka mwenyewe. Chai ya rangi na andazi. Wali wa nazi. Muhogo. Biskuti. Chai ya rangi na andazi. Wali wa nazi, mchuzi tu, kipande cha samaki amekula kaka yake. Sista akaniangalia akasema, "Baba Swalehe, mtoto anashiba lakini hajengeki." Siku mbili nzima hakuna yai, hakuna dagaa, hakuna mboga ya majani, na sisi soko la Deep Sea samaki wanashushwa pale pale, bodaboda ya buku tu.

Vingine vya kubeba: kikombe chake na maji ya kunywa yaliyochemshwa, nguo ya kubadili, kanga mbili, na pesa kidogo ya mihogo maana utakaa mpaka mchana. Huduma ya watoto chini ya miaka 5 bure, sikulipa kitu, siku nzima sijui nilitumia kama elfu tano na nusu yake nilikula mwenyewe.

Sasa shangazi. Huyu alisema hawezi kuniachia mwanaume peke yangu na mtoto, akapanda. Njiani nikasimama kuweka mafuta, kurudi nakuta dogo shavu limetuna, shangazi anamshindilia andazi la pili na chai ya maziwa. Namuuliza shangazi vipi? "Mshibishe awe mzito mwanangu, wakimkuta mwepesi watakuandika vibaya, utatuaibisha." Kuna watu wanaamini mizani inadanganywa na andazi.

Tukafika. Kila mtu "mama yake yuko wapi?", mlinzi, mama wa namba, mpaka mtoto mmoja wa kwenye benchi. Wakampima uzito, kilo saba na kitu, wakampima urefu kalala kwenye ubao analia kama anachinjwa. Alafu sista akamshika miguu yote miwili, akabonyeza juu ya unyayo kwa vidole gumba, anahesabu taratibu, akaachia, akainama kuangalia. Nikauliza anatafuta nini. Akasema angeona shimo limebaki ni uvimbe wa utapiamlo, hiyo kesi nyingine. Halikubaki. Nikapumua.

Ndo tukafika kwenye jaribio la kula. Hili hakuna aliyenitajia kabla, na ndilo linaloamua kila kitu. Wanakupa kile chakula dawa, pakiti ya gramu 92, ndani kitu kama siagi ya karanga, kina maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, pakiti moja nguvu yake kalori 500. Mtoto akila kiasi kinachotakiwa mbele yao, kwa uzito wa dogo kama theluthi ya pakiti, basi anatibiwa akiwa nyumbani. Akigoma analazwa. Na dogo tumbo lote ni andazi! Nikampa, akafunga mdomo. Nikamsogezea, akageuza shingo. Shangazi akamshika mashavu kwa nguvu, dogo akafyatua yote kwenye gauni la sista, alafu akatapika na chai juu yake. Benchi zima kimya. Shangazi akaanza kulia kwamba si alisema huyu mtoto kabemendwa.

Sista, Mungu ampe umri, akajifuta tu. Akasema huwa hawamlazimishi, toka nje mtafute pametulia, mpe maji, mwache apumzike, mjaribu tena. Shangazi nikamtuma sokoni Mgandini akaninunulie kitu ambacho sikukihitaji.

Nikakaa chini ya mwarobaini, dogo akalala begani kitambo kirefu. Alipoamka, jua limepanda na andazi limeshuka, nikafikiria huyu mtoto kwangu anakula nini kwa hiari yake? Kashata. Na kashata hapewi, anaiba. Kila jioni nikirudi naweka kipande mfuko wa shati, yeye anajifanya ananikumbatia huku mkono unachimba. Basi nikakata kona ya ile pakiti, nikaitumbukiza mfukoni kichwa kinachungulia, nikawa naangalia pembeni napiga mluzi. Kidole kikaingia. Kikatoka na uji wa karanga, kikaenda mdomoni. Kimya. Kikarudi. Mara ya tatu kaingiza mkono mzima, nikasema "wewe mwizi!" kama nyumbani, akacheka, akaichomoa pakiti akaanza kuifyonza. Nampa maji, anakunywa, anarudi kufyonza. Nikaingia naye ndani hivyo hivyo, shati limeharibika lote kifuani, sista akashuhudia anamaliza nusu nzima akatikisa kichwa anacheka.

Tukaondoka na pakiti za wiki, na antibayotiki. Masharti: chakula dawa kwanza ndo vingine, maji mengi pembeni, mikono isafishwe, na ni dawa, hakuna kaka wala dada kuonja. Kila wiki unarudi, na pakiti tupu unarudisha wakazione. Hili la kuonja ndo vita, jirani mmoja aliyekuwa wa kwanza kusema kabemendwa alikuja kuomba "kimoja tu nijaribishie mwanangu", nikampa namba ya mhudumu akapimiwe wake.

Nyumbani dogo ana sahani yake sasa. Dagaa tunakaanga bila mafuta mengi, tunatwanga, tunachanganya kwenye wali, hata hajui. Karanga tunachagua moja moja, zilizooza na zenye ukungu tunatupa. Na wale wa kukuambia usage unga wa lishe wenye nafaka nane, waulize mtoto wa nani aliupenda.

Jana kasoma 12.1, njano. Wanataka afike 12.5 na abaki hapo wiki mbili mfululizo ndo watutoe. Jumatano tunarudi, pakiti tupu ziko kwenye kindoo, shangazi kauliza tunaondoka saa ngapi, nimemwambia bajaji imejaa.