Kushusha volti za prosesa: kumbukumbu zangu za laptopu inayochemka

Hali ilivyokuwa

Mashine ni laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U: kore nne, kasi ya msingi gigahezi 1.6, ya juu 3.4, na imepangiwa wati 15. Kazi yake kubwa kwangu ni kuhariri video za harusi na sendoff, na nazifanyia chumbani Temeke, Februari hii, feni ya dari ikizungusha joto lile lile. Nikiiambia itoe video iliyokamilika, inavuma hadi jirani anauliza kama nasaga nazi usiku.

Nilifungua HWiNFO ya kuangalia joto, nikaendesha mfululizo Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito na kuipima. Mwanzoni prosesa ilivuta wati 33, ikagonga nyuzi 97 na kasi ikaanza kukatwa yenyewe. Baada ya nusu dakika hivi iliteremka hadi wati 15, ikatulia kwenye gigahezi 2.3 na nyuzi 76.

Fundi wangu wa Kariakoo aliposikia nataka kushusha volti alicheka. "Kaka, safisha kwanza. Vumbi halitolewi na programu."

Usafi

Alikuwa sahihi. Nilipotoa feni nilikuta vumbi limejibana upande wa ndani wa yale mapezi ya shaba ya kutolea joto, limeshikana kabisa, nikalitoa zima kwa kibano bila hata kumeguka. Ukiitazama feni kwa nje huoni kitu. Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na bati la kupozea, ilikuwa kavu, inabanduka magamba. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya, nikakaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kwenye bati lenyewe, maana ukikaza upande mmoja kwanza bati hukaa mshazari.

Matokeo: kilele kikawa nyuzi 91, na kwenye wati 15 ikakaa nyuzi 70. Anayeanza mradi huu aanzie hapa, asije akaisifu volti kwa kazi ya spiriti.

Kushusha kwenyewe

Kiwandani prosesa hupewa volti za ziada, kwa sababu mpangilio mmoja lazima utoshe hata kile kipande kilichotoka dhaifu kuliko wenzake. Hiyo ziada ndiyo ninayoitafuta. Umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo punguzo dogo linalipa kuliko unavyodhani: ukitoka volti 0.98 kwenda 0.88 umepunguza asilimia 10 tu ya volti, lakini matumizi kwa kasi ile ile yanashuka karibu asilimia 19.

Natumia ThrottleStop, programu ya Windows ya kubadili volti na vikomo vya prosesa. Kwa prosesa za kizazi hiki kore na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) hushushwa pamoja, kwa kiasi kile kile; ukishusha kore peke yake utashangaa mbona hakuna kinachobadilika. Jambo jingine: usiiruhusu programu ijiwashe pamoja na Windows mpaka uwe na uhakika na namba zako. Mashine ikiganda unazima, unawasha, mambo yanarudi ya kiwandani. Ukiwa umeshaiweka ijiwashe, kila ukiwasha inaganda tena, na hapo utaifahamu vizuri "safe mode", ile hali ya dharura ya kuwasha Windows bila programu za ziada.

Nilianza na milivolti 50 chini, nikaongeza punguzo kidogo kidogo hadi 100. Kilele cha mwanzo kikashuka hadi wati 27 na nyuzi 82, na kasi haikatwi tena. Ile hali ya kutulia, sasa: nyuzi 70. Zile zile!

Wengi hufika hapa wakaacha, wakisema haya mambo ni ya uongo. Lakini kasi ilikuwa imepanda kutoka gigahezi 2.3 hadi 2.7. Kikomo cha prosesa yangu kwenye kazi ndefu ni wati, na wati 15 ni wati 15, zinatoa joto lile lile hata zikiwa zimefanya kazi kubwa zaidi. Nilichookoa kwenye volti prosesa imekichukua na kukimbilia nacho. Ukitaka ubaridi, lazima uuombe peke yake: ushushe na kikomo cha wati pia.

Nikakiweka kikomo cha kazi ndefu kwenye wati 12. Kasi ikarudi 2.3, ile niliyoanza nayo, na joto likawa nyuzi 62. Feni sasa unaisikia ukiisikilizia.

Tamaa ya 125

Milivolti 125 zilipita Cinebench. Zikapita Prime95, programu nyingine ya kuitesa prosesa, iliyokesha. Asubuhi, nikiwa najibu meseji za mteja kwenye WhatsApp, hakuna kazi nzito yoyote inayoendelea, skrini ya bluu.

Ukiifikiria, inaeleweka. Kwenye mzigo mzito kore zote zinagawana wati chache, hivyo zinakwenda kwa kasi ya kati, na kwa kasi hiyo volti bado zinatosha. Kwenye kazi nyepesi kore moja inaruka ghafla hadi 3.4, halafu inalala, inaruka tena. Kule juu ndiko haina akiba. Kwa hiyo jaribio ninaloliamini ni kuitumia mashine kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha kupekua kumbukumbu ya matukio ya Windows kutafuta mistari ya WHEA, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Hiyo huonyesha makosa ambayo prosesa imeyasahihisha kimya kimya kabla hayajafika kwenye skrini ya bluu. Kwenye 110 niliikuta mistari miwili. Kwenye 100 hakuna. Nimebaki 100.

Kufuli

Ndugu yangu mmoja alijaribu kwenye mashine yake akakuta sehemu ya volti imefungwa. Si ubovu. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, KU Leuven na Graz walitangaza shambulio la Plundervolt (CVE-2019-11157): mtu mwenye mamlaka ya juu kwenye kompyuta anashusha volti kwa makusudi ili prosesa ikosee hesabu ndani ya SGX, ile sehemu ya siri ya kutunzia funguo, na siri zikavuja. Baada ya hapo masasisho ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, yakaanza kuifunga njia hii. Yangu ina BIOS ya zamani, ndiyo maana iko wazi. Kwangu, ambaye situmii SGX kwa lolote, naona inafaa kuiacha hivyo. Kompyuta ya ofisini nisingeigusa.

Iliyobaki

Betri sijaipima vizuri, umeme wa mtaani haujakatika muda wa kutosha kunipa nafasi, na kwa hilo silalamiki. Kinachofuata ni sehemu ya picha ndani ya prosesa, ambayo ina volti zake yenyewe na ndiyo inayobeba mzigo ninapotoa video za H.264. Nitaanza na milivolti 30 chini, kwenye video fupi ya sendoff ambayo mteja ameshaichukua.