Kila tundu lina bei yake: bili ya daktari wa aleji Marekani

Bili imefika jana na hadi sasa sijatulia. Nilikwenda kwa daktari bingwa wa aleji, nikapimwa, nikapewa majibu palepale. Sasa inakuja karatasi, na kwenye mstari wa kipimo cha ngozi pameandikwa 48. Nikapiga simu kuuliza. Dada wa malipo akanieleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo idadi ya matundu niliyochomwa. Kipimo chenyewe, ambacho msimbo wake (namba inayokitambulisha kwenye bili) ni 95004, hapa hutozwa kwa kila tone la kitu kinachopimwa. Mgonjwa unajua umepimwa mara moja; mwandika bili amehesabu vipimo 48.

Bima ninayo, inakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Lakini kuna kiasi cha mwaka ambacho lazima ukimalize kwa mfuko wako kabla bima haijaanza kuchangia, na bili hii imeangukia humo. Sisi tuliozoea kulipa dirishani kwanza, risiti mkononi, ndipo ukamwone daktari, jambo la kutibiwa leo na kutajiwa bei baadaye linaumiza. Si haki mtu kutojua anachonunua.

Kwa hiyo mnaojiandaa kuja, shikeni hili. Kabla ya kukubali kipimo cha aleji, uliza watachoma matone mangapi na kwa msimbo upi, kisha ipigie bima simu uwatajie msimbo huo. Uliza pia kama daktari huyo yumo kwenye orodha ya madaktari wenye mkataba na bima hiyo. Asiye na bima, au anayelipa mwenyewe, tangu Januari 2022 sheria inampa haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma. Wengi wetu hatuijui haki hiyo, na wachache watakukumbusha.

Hata hivyo daktari mwenyewe siwezi kumlaumu. Kabla ya kugusa sindano alinihoji kwa utulivu ambao sikuutarajia. Chafya zinaanza mwezi gani? Chumba cha kulala kina zulia? Ukitoka nje ya mji unapata nafuu? Nilipomwambia kwamba kila mwaka mafua yananishika mwishoni mwa Agosti na kuniachia baridi ikianza kuuma, akaanza kuandika. Kuna gugu la hapa liitwalo ragwidi. Chavua yake huanza kupeperuka katikati ya Agosti, ikaendelea hadi jalidi ya kwanza, yaani baridi ya kugandisha umande. Nikamwambia nilipofika nchi hii sikuwa na shida hiyo kabisa. Akasema anawaona wageni wengi wa namna yangu: mwili hauwezi kupata aleji ya kitu ambacho haujawahi kukutana nacho, hivyo miaka ya mwanzo inapita salama, halafu inaanza.

Kipimo chenyewe hakitishi. Muuguzi anachora alama kwa kalamu, anaweka tone kwenye kila alama, kisha anadonoa ngozi juujuu. Tone moja ni la histamini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa aleji inapoamka, na hapo lazima pavimbe, na jingine ni la maji ya chumvi, ambapo hapapaswi kuvimba; bila hayo mawili majibu hayaaminiki. Unakaa dakika 15 hadi 20 bila kujikuna, na hapo ndipo penye kazi. Kisha anapita na rula. Uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, ngozi imekijibu kitu hicho. Dawa za mzio kama setirizini unaziacha takriban wiki moja kabla, la sivyo ngozi haitajibu kitu.

Daktari akasisitiza: ngozi kuvimba peke yake si ugonjwa. Kama unakila chakula fulani na hudhuriki, usikiache kwa sababu ya kipele cha mkononi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa najua wenzetu walionunua vipimo vya damu mtandaoni, wakawakatia watoto maziwa na mayai bure.

Kilichonifurahisha zaidi ni penisilini. Tangu utotoni faili langu linasema siiwezi. Akanipima ngozi, kisha akanipa dozi ya kunywa huku wakiniangalia. Hakuna kilichotokea, na maandishi yale yamefutwa. Marekani mtu 1 kati ya 10 hivi ana maandishi kama hayo, na takriban 9 kati ya 10 wao wakipimwa huonekana dawa hiyo haiwadhuru. Kama na wewe uliambiwa hivyo ukiwa mdogo, omba upimwe.

Sasa tiba. Nimepewa dawa ya kupuliza puani, na nimeshauriwa sindano za kuuzoesha mwili: kila wiki kwa miezi kadhaa, baadaye kila mwezi, kwa miaka 3 hadi 5. Kila ukichomwa unasubiri nusu saa kliniki, mwili usije ukapata mshtuko wa aleji ukiwa njiani. Sisi wenye kazi za zamu hilo linatushinda, na mishahara ya saa haisubiri. Nikauliza njia nyingine, nikaambiwa vipo vidonge vya kuweka chini ya ulimi, vya ragwidi, vya nyasi na vya wadudu wa vumbi. Cha kwanza unakitumia mbele ya daktari, vingine nyumbani. Vya ragwidi inabidi vianze angalau wiki 12 kabla ya msimu, kwa hiyo mwezi Mei nitakuwa nimeanza, bei nikiwa nimeshaipata kwa maandishi.