Zile ghorofa zinazoota kando ya stesheni za Link

Kila mtu wa kwetu anayekuja Shoreline, mji huu wa jirani kaskazini ya Seattle, jimbo la Washington, siku hizi anauliza swali lilelile, jamani mbona kreni kila kona, kwani kuna nini huku? Kuna treni. Link, hii treni ya umeme ya Sound Transit, shirika la usafiri wa umma la huku, ilianza 2009 kutoka katikati ya Seattle mpaka Tukwila, mwisho wa mwaka huohuo ikafika airport, 2021 ikafika Northgate, afu tarehe 30 Agosti 2024 ndo ikatoka nje ya Seattle upande wa kaskazini mpaka Lynnwood, na sisi wa Shoreline tukapata stesheni mbili kwa mpigo, ya mtaa wa 148 na ya 185. Nauli dola 3 popote uendapo, husubiri muda mrefu, huna stresi ya foleni ya I-5, ile barabara kuu ya magari, kwa hilo sina malalamiko kabisa.

Ila watu wanadhani ghorofa zimekuja baada ya treni. Hapana. Halmashauri ya mji ilibadilisha sheria za viwanja kuzunguka stesheni ya 185 mwaka 2015, na za 148 mwaka 2016, yaani treni iko bado kwenye makaratasi. Kabla ya hapo plot ni nyumba moja, familia moja, basi. Saivi kuna kanda za makazi na biashara kwa pamoja, zinaitwa MUR na namba mbele yake, 35, 45, 70, hizo ni futi unazoruhusiwa kwenda juu, na ukikaribia stesheni namba inapanda mpaka 70, ambayo ni kama ghorofa sita saba hivi.

Kwa mtu wa Dar hii inashangaza kidogo. Mwendokasi ilipoanza 2016 pale Kimara nani aliomba ruhusa ya kuuza chipsi? Mama lishe, wakala wa M-Pesa, bodaboda, muuza matunda, wote walishafika bila hata kikao. Huku hata uwe na hela mfukoni, plot yako ikiandikwa nyumba moja ni nyumba moja, huwezi kuweka hata kigenge cha kahawa mbele ya geti mpaka sheria ibadilishwe na watu wapige kelele kwenye vikao miaka mitatu.

Ukipita mtaa wa nyuma kidogo ya stesheni ya 185 utaelewa inavyokwenda. Kuna nyumba ya chini, ya zamani, paa limeota kuvu la kijani kama kawaida ya huku kwenye mvua, ina mti wa tofaa mbele, kushoto kwake townhouse nane, zile nyumba nyembamba za ghorofa, zimesimama zimebanana, kulia shimo la msingi lina maji, na kwenye nyasi zake mwenyewe limeshachomekwa lile bango jeupe la taarifa ya ujenzi. Ndo hivyo inavyokwenda, plot kwa plot. Developa hawezi kujenga jengo kubwa kwenye kiwanja cha nyumba moja, inabidi apate vinne vitano vilivyoshikana, na mmoja akigoma kuuza mpango wote unakwama, ndo maana sehemu nyingi unaona townhouse kwanza badala ya majengo makubwa, maana townhouse inaingia hata kwenye kiwanja kimoja.

Sasa linganisha na Spring District kule Bellevue, mashariki ya Seattle, kwenye laini ya 2 ya Link iliyofunguliwa Aprili 2024. Pale palikuwa na maghala ya kusambazia bidhaa ya supermarket za Safeway, eneo lote ekari 36 hivi, mwenye ardhi ni mmoja. Ukiwa na ardhi ya namna hiyo unachora mitaa, bustani, ofisi, apatimenti, kila kitu kwa mkupuo. REI, wale wenye maduka ya vifaa vya kambi na michezo ya nje, walijenga makao makuu yao pale, mwaka 2020 wakayauza kabla hata ya kuhamia (korona ilifanya mambo). Lakini mtaa ulishakuwa mtaa. Kwahiyo mtu akiniambia Shoreline wamezembea huwa namwambia hapana, hawakuwa na ghala la kubomoa, walikuwa na mamia ya watu kila mmoja na hati yake na kila mmoja na bei yake kichwani.

Kinachoniudhi mimi ni vitu viwili. Cha kwanza ni mahali stesheni zenyewe zilipowekwa. Walikuwa na chaguo la kuipitisha treni Aurora, barabara ambayo tayari ina maduka, ina mabasi, ina watu wanatembea, wakachagua kando ya I-5 kwasababu kujenga huko ni rahisi na nyumba za kubomoa ni chache. Matokeo yake ukichora duara la dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni, kipande kikubwa cha duara ni lami ya freeway, hakuna anayeishi pale wala hatoishi. Pale 148 imebidi mji uanze kujenga daraja la waenda kwa miguu kuvuka I-5 ili watu wa ng'ambo waweze kufika kwenye treni wanayoiona kwa macho.

Cha pili ni paking. Kila stesheni ya Shoreline imejengewa gereji ya magari kama 500, Lynnwood ni karibu 1,900. Piga hesabu kidogo, gari 500 kila moja na mtu wake mmoja haijazi hata treni moja ya mabehewa manne, maana treni hiyo inabeba watu kama 800. Yaani ardhi iliyo jirani kabisa na mlango wa stesheni, ile yenye thamani kuliko zote, umeipa magari yakalale mchana kutwa, afu mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa unga ndo anatembea zaidi. Najua watu wa mbali wanahitaji pa kuacha gari, wengine wanatoka Marysville huko, sawa, ila lazima iwe pale mlangoni?

Kuna kitu kizuri lazima nikiseme pia. Sound Transit wakijenga wananunua ardhi ya kuwekea mitambo, wakimaliza inabaki, na sheria ya jimbo ya 2015 inasema asilimia 80 ya ardhi hiyo inayofaa kwa makazi lazima kwanza watangaziwe mashirika yasiyo ya faida, halmashauri na mamlaka za nyumba, nao wakijenga, asilimia 80 ya nyumba ziwe za watu wenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Wenyewe wanaita 80-80-80. Ila usishangilie haraka, kipato cha kati cha King County, kaunti yenye Seattle na Shoreline, ni kikubwa mno, familia ya watu 4 inaweza kuingiza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka na bado ikahesabiwa humo. Muulize dada anayelea wazee kwenye adult family home, zile nyumba ndogo za kutunzia wazee, kama hiyo ni nafuu yake.

Halafu maduka. Jengo likikamilika chini wanaweka fremu za biashara, vioo vikubwa, dari juu, afu zinakaa mwaka mzima zimebandikwa makaratasi. Kuna mama mmoja namfahamu, anapika sambusa na pilau za shughuli nyumbani kwake, alienda kuulizia fremu moja hivi, akakuta ni kubwa kama ukumbi wa harusi, kodi ndo usiseme, na jiko ajijengee mwenyewe. Akarudi kupikia nyumbani. Na kule kusini, karibu na stesheni ya Tukwila, kulikuwa na SeaTac Center, imejaa maduka madogo ya Wasomali na Waafrika Mashariki wengine, mji ukaiuza ijengwe apatimenti za bei nafuu, ni jambo jema kabisa, watu wamepata nyumba, ila wale wenye maduka ikabidi watafute pa kwenda. Wangechora fremu ndogo ndogo za mita za mraba 30 chini ya yale majengo, nusu yao wangerudi palepale.

Mwaka 2025 jimbo limepitisha sheria nyingine ya kulazimisha miji yote yenye stesheni iruhusu majengo makubwa karibu na reli na isidai paking, miji imepewa mpaka mwisho wa 2029. Kwahiyo Federal Way na Kent, ambako treni imefika Desemba 2025, wajiandae na kreni.

Kwa wanaotafuta nyumba sasa hivi: ukiingia ofisi ya apatimenti mpya karibu na stesheni, usiulize tu bei, uliza kama wana yuniti za MFTE. Huo ni mpango ambao mwenye jengo anasamehewa kodi ya jengo kwa miaka kadhaa, mara nyingi 12, na yeye anatenga sehemu ya yuniti, kwa kawaida moja kati ya tano, kwa kodi ya chini kwa wenye kipato kidogo. Wengi hawakuambii mpaka uulize, tena beba payslip kabisa maana zikipatikana haziishi hata wiki.