Mgongo wa Mfarishi wa Viraka

Wengi wanaoutazama mfarishi wa viraka, yaani tandiko nene la kujifunika kitandani, husifu rangi zake, nami siwalaumu, lakini mimi huugeuza kwanza nikaukagua mgongoni, kwa kuwa huko ndiko mshono unakoonyesha kama kazi itadumu. Mfarishi una matabaka matatu, yaani uso wa viraka, pamba iliyotandazwa katikati na bitana chini, na matabaka hayo yasiposhonwa pamoja, pamba huhama ikafanya mabonge pembeni mara tu unapofuliwa.

Viraka vyenyewe hudai uvumilivu. Kila kimoja hukatwa kwa kuachiwa nafasi ya mshono ya robo inchi, kama milimita 6, kila upande. Ukizidisha milimita 1 tu, hutaona tofauti kwenye kiraka kimoja. Lakini mstari wa viraka 12 una mishono 11, na kila mshono hula kitambaa cha pande mbili, hivyo mstari mzima utapungua kwa zaidi ya sentimita 2 na hautalingana na wa jirani yake. (Vitambaa vyekundu na vya buluu iliyokolea vifuliwe kabla ya kukatwa, visije vikachuja rangi juu ya vyeupe.)

Matabaka yakishapangwa, hupigwa bandi (mshono wa muda wa kuyashikiza) kuanzia katikati kuelekea kingoni ili mikunjo isukumwe nje. Ndipo unapoanza mshono wa kudumu: tondoo, kikofia cha kukinga kidole na sindano, kwenye kidole cha kati, sindano fupi, na mkono wa pili chini ya kitambaa ukisubiri kuguswa na ncha, maana bila mguso huo huwezi kujua kama sindano imefika kwenye bitana. Mishono ikiachana mno, pamba haishikiki. Ikibanana mno, matabaka hulala bapa na kupoteza hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo hasa inayotunza joto. Binafsi napendelea mishono michache iliyopangwa vizuri.

Matumizi ya mfarishi hayaishii kitandani. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alisimulia visa vya Biblia kwa maumbo ya watu na wanyama yaliyoshonewa juu ya kitambaa, na kazi zake mbili zilizobaki zimo katika makumbusho ya Washington na Boston. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walitumia hata nguo za kazi zilizochakaa kutengeneza mifarishi ya kujikinga na baridi, na mwaka 2002 kazi zao zikaonyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York. Kuta za makumbusho zimewapa heshima wanayostahili, ingawa ukutani hakuna anayeweza kugusa mgongo.

Kwa mfarishi wa nyumbani, jua kali hupausha rangi na mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, kwa hiyo ufunge kwa shuka la pamba, na kila baada ya miezi kadhaa uukunjue na kuukunja upya kwa mistari mingine, kwa sababu nyuzi hukatikia pale pale panapokunjwa siku zote.